Uzi: Wingleti zinapunguza nini hasa, na kwa nini Q400 na Caravan hazina?

Mdau_Kipawa
Wakuu, heshima kwenu. Ukikaa upande wa Kipawa ukatazama ndege zikishuka JNIA, uwanja wa ndege wa Dar, utaona ncha za mabawa hazifanani. A220 na 737 MAX za ATCL (Air Tanzania) zina wingleti, kile kipande kilichopinda kwenda juu nchani mwa bawa, tena ya MAX imegawanyika, tawi moja linapanda na lingine linashuka. Dreamliner (787) haina kabisa, ncha yake imechongoka na kulala nyuma. Q400 na ATR, zile za mapangaboi, ncha zimekatwa tu. Caravan, zile ndogo za injini moja za Zanzibar na mbugani, vilevile.

Kama kweli kile kipande kinaokoa mafuta, mbona hakipo kwenye kila ndege? Na kinaokoaje? Naomba wenye hesabu waweke hesabu, maelezo ya juu juu tumeyasoma sana.

Injinia_Mabibo
Mkuu, tuanze na ukinzani wa hewa. Upo wa aina mbili, na wingleti inagusa mmoja tu.

Wa kwanza ni wa msuguano na umbo. Ndege ikiongeza mwendo, huo unapanda. Wa pili unazaliwa na unyanyuzi wenyewe. Chini ya bawa kanieneo ni kubwa kuliko juu, kwa hiyo hewa ya chini inatafuta njia ya kupanda kupitia nchani. Inapozunguka pale inaacha kisulisuli nyuma ya kila ncha, na hewa iliyo katikati ya visulisuli viwili inasukumwa chini. Bawa linajikuta linapita ndani ya hewa inayoshuka, na kani ya unyanyuzi inainama kidogo kuelekea nyuma. Kile kilichoinama ndicho ukinzani wa unyanyuzi, na ndio pekee ambao wingleti inaupunguza.

Kanuni yake: D = L² ÷ (q × π × b² × e)

L ni unyanyuzi, ambao ndege ikiwa imetulia angani ni sawa na uzito wake. q ni nusu ya densiti ya hewa mara kasi kipeo cha pili. b ni upana wa mabawa ncha hadi ncha. e ni ufanisi wa mgawanyo wa unyanyuzi, hapa nachukua 0.8. Angalieni kwamba uzito na upana wote wana kipeo cha pili, na kasi iko chini ya mstari. Ndege nzito, yenye mabawa mafupi, inayokwenda taratibu, ndiyo inayoumia.

Chukua 737-800 isiyo na wingleti, tani 65, futi 35,000, Mach 0.785 (yaani 0.785 ya kasi ya sauti). L ni karibu newtoni 637,700. q ni karibu paskali 10,300. b ni mita 34.3. Jibu ni newtoni 13,400 hivi. Ukinzani wote wa ndege hiyo pale juu ni kama 37,500, kwa hiyo wa unyanyuzi ni zaidi kidogo ya theluthi.

Ndege hiyohiyo ikiwa ndiyo kwanza imeruka, noti 145 (maili za baharini kwa saa) usawa wa bahari: q inashuka hadi 3,400 na ukinzani wa unyanyuzi unapanda hadi newtoni 40,000. Mara tatu. Nitarudi kwenye hilo, maana faida ya wingleti ambayo wengi hawaitaji iko hapo.

Mwanaanga_Ukonga
Injinia, asante. Sasa mimi nilivyoelewa siku zote ni kwamba wingleti ni ukuta: hewa ya chini ikitaka kupanda inagonga ukuta, kisulisuli kinakufa. Sivyo?

Injinia_Mabibo
Sivyo, kaka, na wazo hilo la ukuta lina umri mrefu. Lanchester wa Uingereza alipata hataza ya vibao vya nchani mwaka 1897. Kibao bapa kinafanya kazi kidogo, lakini msuguano wake unakula karibu kila kinachookolewa. Ndiyo maana jambo lilikaa miaka themanini bila maana kubwa.

Richard Whitcomb wa NASA, kituo cha Langley, ndiye aliyeligeuza mwaka 1976. Alisema kile kipande kisiwe kibao, kiwe bawa kamili: kina mkunjo wake, pembe yake na msokoto wake. Kwenye ncha, hewa ya juu ya bawa inavutwa kuelekea ndani na ya chini inasukumwa nje. Wingleti inakaa ndani ya mtiririko huo wa mshazari, na kani inayozalisha inaelekea ndani na mbele kidogo. Anayejua ngalawa ataelewa haraka: upepo unatoka mbele kwa mshazari, lakini tanga likipangwa vizuri chombo kinakwenda joshi. Wingleti ni tanga la namna hiyo. Ukilikosea pembe, linaburuza.

Kisulisuli hakifi. Ndege inabebwa kwa kusukuma hewa chini, na ikibebwa lazima kiwepo. Kinachofanyika ni kwamba kinatandazwa kwenye kingo ndefu zaidi na kusogezwa nje, kwa hiyo nishati inayoachwa nyuma inapungua.

Kwenye majaribio ya angani ya KC-135 mwaka 1979 na 1980, NASA na Jeshi la Anga la Marekani walipata ongezeko la karibu asilimia 6.5 la umbali kwa mafuta yaleyale. KC-135 ni bawa la miaka ya 1950 ambalo nchani linabeba sana, kwa hiyo msitegemee namba hiyo kwenye kila ndege.

Rampu_T3
Niongezee upande wa chini, maana kwenye maegesho ndiko sababu kubwa ilipo na wengi wanairuka.

Njia rahisi ya kupunguza ukinzani wa unyanyuzi ni kurefusha bawa. b ina kipeo cha pili, maliza. Tatizo ni viwanja. ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, inapanga ndege kwa herufi kulingana na upana wa mabawa: C ni kuanzia mita 24 hadi chini ya 36, D chini ya 52, E chini ya 65. Stendi, njia za kupitia na nafasi kati ya ndege vyote vinajengwa kwa herufi hizo. Ndege ya herufi C inatakiwa kuwa na mita 4.5 kati yake na kitu chochote ikiwa stendi. D na E ni mita 7.5. Ukizidisha 36 kwa kidole, umehamia daraja lingine.

Sasa tazama upana wa mabawa kwa mita:
737-800 bila wingleti: 34.3
737-800 na wingleti: 35.8
A320 na wingleti zake: 35.8
A220-300: 35.1
737 MAX: 35.92

MAX imebakiza sentimita nane. Hiyo haikutokea kwa bahati, mbunifu ametumia nafasi yote aliyopewa kisha akapanda juu kwa sababu pembeni hakuna tena njia.

Injinia_Mabibo
Rampu_T3 amegusa penyewe. Na hapo kuna jambo watu hawaligundui. Wingleti ya 737-800 ina kimo cha kama mita 2.4 lakini imelala kidogo nje, ndiyo maana upana halisi umetoka 34.3 hadi 35.8. Peke yake, ongezeko hilo la mita moja na nusu linatoa (34.3 ÷ 35.8)², yaani 0.918. Asilimia 8 ya ukinzani wa unyanyuzi kwenye karatasi, kabla hujahesabu sehemu iliyosimama.

Sehemu iliyosimama, kwa kanuni ya mkono, inafanya kazi kama nusu ya kimo chake ingelazwa bapa. Kwa hiyo kwa kimo hichohicho, kulaza kunashinda kusimamisha. Anayekwambia wingleti ni bora kuliko bawa refu, mwulize: bora kwa kiwanja au kwa hewa?

Bi_Anga
Hapo naomba nipinge kidogo, mwalimu. Hesabu ya kulaza inasahau uzito wa bawa. Ukirefusha bawa bapa, kani mpya inakaa mbali na shina la bawa, na boriti kuu ya bawa inapinda zaidi pale linapoungana na bodi. Lazima uiongezee unene, na unene ni kilo. Wingleti kani yake inaelekea ndani zaidi kuliko juu, kwa hiyo inapinda shina kidogo zaidi tu.

Injinia_Mabibo
Dada, hoja yako ina haki, lakini wingleti haipati nafuu yote unayoipa. Kani yake inaelekea ndani, ndiyo, ila iko juu ya bawa, kwa hiyo inaleta msokoto wa kupinda unaosafiri hadi shinani. Tena uwepo wake unafanya sehemu ya nje ya bawa ibebe zaidi kuliko mwanzo. Ukiweka masharti ya mpindo uleule shinani, faida za njia mbili zinakaribiana sana. Kinachoamua ni kama una nafasi pembeni au huna.

Ndiyo maana Dreamliner ina ncha iliyolala. 787-8 ni mita 60.1 na herufi E inaishia 65. Walikuwa na nafasi, wakatumia upana. 777X imekwenda mbali zaidi: angani ni mita 71.75, ikitua ncha zinakunjwa zibaki 64.85.

Bi_Anga
Nimekubali kuhusu mpindo. Lakini kwa ndege ambayo tayari imeshajengwa wingleti bado ina shida zake, watu wasidhani ni kubandika tu. Ndege za 737 zilizotoka kiwandani bila maandalizi, bawa lenyewe linaimarishwa kwanza kwa ndani ndipo wingleti ifungwe. Seti nzima pamoja na uimarishaji ni karibu kilo 200. Halafu kuna mtikisiko wa bawa: umeongeza uzito mwishoni kabisa mwa kitu kirefu kinachonyumbuka. Uzito huo ukikaa nyuma ya mhimili wa msokoto wa bawa, kuna kasi ambayo kupinda na kusokota vinaanza kulishana, na bawa linaweza kuvunjika kwa sekunde chache. Hilo linapimwa ardhini kwa vitetemeshi, kisha angani hatua kwa hatua. Hakuna njia ya mkato.

Kona nayo. Wingleti ikiungana na bawa kwa pembe kali, hewa ya pande mbili inabanana pale, kwenye kasi ya Mach 0.78 linatokea wimbi la mshtuko na mtiririko unabanduka. Mhandisi Gratzer wa Seattle alipata hataza mwaka 1994 ya kuunganisha kwa mviringo mpana badala ya kona. Ndiyo unayoiona kwenye 737-800.

Mdau_Kipawa
Nafuata kwa makini. Sasa nipeni jibu la faida kamili kwa 737 halafu mnieleze Q400.

Injinia_Mabibo
Faida kamili, kwa ndege ileile ya tani 65. Tuseme ukinzani wa unyanyuzi umepungua asilimia 10: newtoni 1,340. Toa msuguano wa wingleti zenyewe. Eneo linaloguswa na hewa kwa zote mbili, pande zote, ni kama mita za mraba 8.6. Kwa kizio cha msuguano cha 0.003 ni newtoni 265. Toa gharama ya kilo 200: uzito umepanda asilimia 0.3, ukinzani wa unyanyuzi asilimia 0.6, newtoni 80. Kinabaki karibu 1,000 kati ya 37,500. Asilimia 2.6 hivi, kama kilo 60 za mafuta kwa saa. Safari ndefu inaanza na ndege nzito zaidi na kupanda juu zaidi, hapo faida inasogea kuelekea asilimia 4.

Dar hadi Mumbai, kilomita 4,700 hivi, hiyo ni pesa. Dar hadi Mwanza, 850, ni kidogo. Na sababu yake siyo tu kwamba safari ni fupi. Ndege ikipanda kwa noti 280 za kwenye kipimo cha kasi cha rubani, q yake ni karibu 12,700, kubwa kuliko ya futi 35,000. Vivyo hivyo ikishuka. Kwa hiyo safari fupi sehemu kubwa inafanyika pale ambapo ukinzani wa unyanyuzi ni sehemu ndogo ya jumla, na wingleti inabaki kusugua hewa tu.

Boeing walilifanya hilo wazi kwenye 747-400. Ile ya kawaida ina wingleti na upana wa mita 64.4. Ile iliyotengenezwa kwa safari za ndani za Japani, 747-400D, haikuwekewa, na upana wake ni 59.6. Ndege moja, majibu mawili, kwa sababu ya urefu wa safari.

Rampu_T3
Q400 naimalizia mimi. Upana mita 28.4, eneo la bawa mita za mraba 63.1. Upana mara upana gawa kwa eneo: 12.8; namba ikiwa kubwa, bawa ni refu na jembamba zaidi. ATR 72 ni mita 27.05 kwa 61, unapata 12. A220 ni kama 11. 737-800 bila wingleti ni 9.4. Bawa la Q400 tayari ni jembamba na refu kwa uzito wake, na lina zaidi ya mita saba kabla ya kufika 36. Mbunifu akitaka ukinzani mdogo zaidi ataongeza upana, hana sababu ya kusimamisha kitu. Tena kazi yake ni safari za saa moja au mbili.

Nyota_ya_Pwani
Je Caravan? Kuna watu wanauliza kama kufunga wingleti kungesaidia kwenye Dar–Zanzibar.

Injinia_Mabibo
Kwa njia hiyo, hapana. 208B kwa uzito wa juu ni kilo 3,969. Upana mita 15.87. Futi 3,000, noti 165: q ni 4,050, ukinzani wa unyanyuzi newtoni 590. Ukinzani wote ni karibu 3,800, maana gia za kutua ziko nje muda wote, na mihimili ya mabawa. Asilimia 16 tu ndiyo wingleti inaweza kuigusa.

Punguza asilimia kumi ya hizo 590: 59. Wingleti ndogo za nusu mita ya mraba kila moja zinasugua newtoni 40. Kilo 15 za uzito zinakula 4 au 5. Kinabaki newtoni 15 kati ya 3,800, chini ya nusu ya asilimia. Zanzibar ni kilomita 73, hata kipimo cha mafuta hakitaonyesha.

Kwenye kupanda, noti 104, picha inabadilika: ukinzani wa unyanyuzi unafika 1,360 na faida inakuwa newtoni 110 hivi, sawa na futi 30 za ziada kwa dakika. Kwa kiwanja cha mbugani chenye joto na miti mwishoni, futi 30 si kitu cha kudharau, ila kupunguza kilo 100 za mzigo kunakupa zaidi, tena bure.

Mwanaanga_Ukonga
Ulisema utarudi kwenye kuruka.

Injinia_Mabibo
Ndiyo. Ndege ya injini mbili, injini moja ikizimika baada ya kuruka na magurudumu yakishafungwa, sheria inataka iweze kupanda kwa mteremko wa asilimia 2.4 usiopungua. Dodoma na Mwanza ziko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, hewa nyepesi, mchana joto, injini inatoa nguvu pungufu. Hapo uzito wa kuruka haukatwi na urefu wa njia ya kurukia bali na mteremko huo.

Rudi kwenye zile newtoni 40,000. Asilimia 8 yake ni 3,200. Gawa kwa uzito wa ndege, 637,700: nusu ya asilimia ya mteremko. Ni makadirio ya juu kwa sababu flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kuruka, zinabadilisha mgawanyo, lakini hata nusu yake ni abiria na mizigo isiyoachwa. Kwa shirika linaloruka safari fupi kutoka viwanja vya juu, sababu ya kutaka wingleti inaweza kuwa hii na siyo mafuta ya angani. Namba kamili zinatoka kwenye kitabu cha utendaji cha ndege yenye wingleti. Ukitumia jedwali la ndege isiyo nazo umekosea hesabu.

Nyota_ya_Pwani
Na kama visulisuli vimetandazwa, Caravan inaweza kuruka mapema nyuma ya ndege yenye wingleti?

Rampu_T3
Usithubutu, ndugu yangu. Nguvu ya kisulisuli inafuata uzito, kasi na upana, na uzito haujapungua. Madaraja ya ICAO yanaangalia uzito: kilo 136,000 na kuendelea ni nzito, 7,000 kushuka ni nyepesi. Caravan ikiruka nyuma ya Dreamliner kwenye njia ileile ya kurukia inasubiri dakika 2, na ikianzia katikati ya njia ni 3. Ikitua nyuma yake ni maili 6 za baharini. Upepo wa pembeni ukiwa mwepesi ndiyo mbaya zaidi, maana kisulisuli cha upande mmoja kinaweza kubaki kimelala juu ya njia.

Fundi_Kompoziti
Wakuu mmesema ya angani, mimi nina ya hangani. Wingleti nyingi za sasa ni kompoziti ya nyuzi za kaboni, na matatizo yake ni manne yanayojirudia.

Radi kwanza. Ncha ndipo inapoingilia au kutokea. Chini ya rangi kuna wavu wa chuma wa kusambaza umeme. Baada ya ripoti ya radi tafuta alama ndogo za kuungua kwenye kingo zote, ribiti zilizoyeyuka kichwa, na vile vijiti vya kutolea chaji tuli. Kijiti kikikosekana, redio inaanza kukoroma kwenye mawingu. Pima ukinzani wa umeme kati ya wingleti na bawa, ni miliomu chache tu kwa kikomo cha kitabu. Ukikuta umepanda, mara nyingi ni kutu au rangi iliyoachwa chini ya boliti.

Pili, tundu la kutolea maji upande wa chini. Likizibwa na rangi au silanti (gundi ya kuziba maungio), maji yanakaa ndani. Dar na unyevu wake na chumvi ya bahari, usilipite. Ingiza waya laini, usitumie bisibisi.

Tatu, kingo ya mbele. Mchanga na mvua vinaikwaruza mpaka laini inapotea. Hilo linaua ile faida ya asilimia 2.6 kimyakimya, kwa sababu hewa inaanza kuvurugika mapema. Silanti ya pale wingleti inapoungana na bawa ikiinuka ni hivyohivyo.

Nne, kugongwa. Gari au ngazi ikigusa wingleti, rangi inaweza kubaki nzima huku tabaka za ndani zimeachana. Gonga kwa nyundo ndogo ya ukaguzi kila sentimita mbili: sauti kavu ni nzima, sauti butu ni tabaka limeachia. Zungushia kalamu, kisha pima kwa mawimbi ya sauti kabla ya kulinganisha na kikomo cha kitabu cha ukarabati. Na usikague ile iliyogongwa pekee. Kishindo kinasafiri, kwa hiyo fungua kifuniko na utazame boliti za maungio na boriti ya bawa pale nchani.

Mdau_Kipawa
Fundi, na ikibidi kuondolewa moja, ndege inaweza kuruka na iliyobaki?

Fundi_Kompoziti
Inategemea aina ya ndege. Kila ndege ina orodha iliyoidhinishwa ya vipande vinavyoruhusiwa kukosekana, na kila kipande kina adhabu yake ya uzito na mafuta imeandikwa pale. Kama wingleti haimo, ndege haisogei. Kama imo, fuata masharti yake yote, pamoja na namna ya kufunika tundu na kuunganisha taa ya nchani, halafu wapangaji wa safari waambiwe kabla hawajajaza mafuta.

Mdau_Kipawa
Nimeelewa sasa kwa nini ncha ya Dreamliner imelala na ya MAX imesimama. Asanteni, wakuu.